Kutongozana Kazini na Uhuru wa Kukataa

Hotuba kwa wafanyakazi, viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi na wakuu wa idara

Ndugu Mwenyekiti wa tawi, ndugu Mkurugenzi na wakuu wa idara, ndugu wafanyakazi wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo katika ofisi zetu husemwa sana kwenye korido na kwenye meza ya chai, lakini husemwa kidogo mno kwenye vikao: kutongozana kati ya wafanyakazi ambao hawajaoa wala kuolewa, na hofu kwamba kutongozana huko kunaweza kugeuka, au tayari kumegeuka, kuwa udhalilishaji wa kingono. Barua ya mwaliko ilitaja vijana makapera. Naomba nilipanue kundi hilo, kwa sababu mtalaka wa miaka 40 na mjane wa miaka 50 nao hawana ndoa, na kwa malalamiko ninayoyapokea katika kazi yangu ya kushauri masuala ya ajira, hao ndio wanaochukuliwa upesi zaidi kuwa watu wasio na mwenyewe, ambao kila mwenye hamu anaweza kujaribu bahati yake kwao.

Nieleze msimamo wangu mapema. Watu wazima wawili wasio na ndoa wanaopendana kazini hawajavunja sheria yoyote ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Walimu na wauguzi wanaopangiwa vituo vya mbali na kwao wameoana kwa miaka mingi wakiwa kituo kimoja, wakajenga familia, na wengi wetu tumekula pilau ya harusi zao. Mtu anayetumia saa nane au tisa za siku yake mahali pamoja na wenzake, kwa miaka, atapenda, na mwajiri anayedhani ataizuia hali hiyo kwa tangazo la ubaoni anajidanganya. Marufuku ya jumla huwafanya watu wajifiche, na penye kujificha ndipo mnyonge anapokosa mtu wa kumwambia.

Kwa hiyo swali ambalo vijana huniuliza kila ninapozungumzia jambo hili ni swali la haki: kama mimi niko huru na yeye yuko huru, kosa liko wapi? Jibu langu ni kwamba uhuru unaohitajika hapa si ule wa kutokuwa na ndoa. Ni uhuru wa kukataa. Mtu anayetongozwa kazini awe na uwezo wa kusema hapana leo, na kesho akaripoti kazini akakuta zamu zake ziko vilevile, safari zake za kikazi ziko vilevile, tathmini yake inaandikwa kwa haki ileile, na salamu anazopewa asubuhi hazijapungua. Pale ambapo uhuru huo upo, kutongoza ni jambo la kibinadamu. Pale usipokuwepo, hata maneno matamu kabisa ni shinikizo, awe msemaji amekusudia hivyo au hakukusudia.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili kuliko tunavyowapa sifa. Kijana aliyemtaka binti hakwenda mwenyewe mlangoni kwao, alimtuma mshenga. Tumezoea kuieleza desturi hiyo kama adabu tu, lakini tazameni kazi iliyokuwa ikifanyika ndani yake. Posa ilipokataliwa, aliyebeba jibu alikuwa mtu wa tatu, kwa maneno ya staha, na siku ya pili kijana na binti walipokutana kisimani au sokoni hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake neno la kumvunjia uso. Kukataa kulitengenezewa njia. Ofisi haina njia hiyo. Anayekataa anakataa ana kwa ana, kisha anarudi kuketi meza ya jirani na yule aliyemkataa, mwaka mzima. Na wale wanaojifanya washenga katika ofisi za leo, wanaomnong'oneza binti wa watu, "Mkubalie tu mzee, anakupenda, utakula raha," hao hawabebi jibu la mtu yeyote. Wanaongeza uzito upande wa mwenye nguvu.

Niwaonyeshe kwa karibu jinsi jambo hili linavyokwenda. Mfano huu nimeuunganisha kutokana na malalamiko mbalimbali, na wala msimtafute mtu ndani yake. Binti ameajiriwa kitengo cha hesabu na yuko katika kipindi cha majaribio. Mkuu wa kitengo chake ni kijana wa miaka 35, hajaoa, mchapakazi, anaheshimika. Wiki za kwanza ujumbe wa simu ni wa kazi: vocha ziko wapi, ile hati ya malipo imesainiwa. Kisha siku moja, saa nne usiku, unaingia ujumbe mwingine.

"Umelala?"

"Bado bosi. Kuna kazi?"

"Hapana, nilikuwa nakuwaza tu. Leo ulipendeza sana."

"Ahsante bosi." Na mwishoni ameweka kikatuni cha uso unaotabasamu.

Ijumaa anaandikiwa tena. "Kesho nikupitie twende tukale samaki?"

"Kesho tuna ugeni nyumbani bosi."

"Basi Jumapili."

"Jumapili nina mazoezi ya kwaya bosi."

"Wewe kila siku una shughuli. Au kuna mtu amekuwahi?"

"Hapana bosi, ni majukumu tu." Na kikatuni kilekile.

"Haya. Ujue ripoti yako ya majaribio iko mezani kwangu, usiniangushe."

Siku malalamiko yakifikishwa mbele ya kamati, kijana huyu atasema, na pengine atakuwa anaamini kabisa anachosema, kwamba binti hakumkataa hata mara moja. Alimshukuru, alicheka, alijibu kila ujumbe. Mimi naomba tusome tena. Katika majibu yote hakuna hata moja ambalo neno "bosi" halimo. Binti hakuanzisha mazungumzo hata mara moja. Jibu lake la kwanza usiku ule lilikuwa kuuliza kama kuna kazi, yaani alijaribu kuyarudisha mazungumzo mahali pake. Mialiko yote miwili ilijibiwa kwa udhuru. Kwa mtu aliyelelewa katika nchi hii, huko ni kukataa, na ni kukataa kwa wazi. Sisi hatumwambii mtu anayetuzidi umri au cheo "sitaki" usoni. Tunasema kuna ugeni, tunasema nitaangalia, tunasema tuombe uzima, tunasema Inshallah, na kila mmoja wetu, akiwa anadai deni lake, anajua fika maana ya kuambiwa "kesho" mara tatu. Haiwezekani tuielewe lugha hiyo tunapodai fedha, halafu tujifanye hatuielewi tunapomtaka mtu.

Wapo wanaojitetea kwa desturi ya posa, kwamba kimya cha mwari huhesabiwa kuwa ridhaa. Kimya kile hutolewa nyumbani, mbele ya mzazi au walii ambaye wajibu wake ni kumlinda binti, baada ya kuulizwa jambo moja lililo wazi, la ndoa. Kukihamisha kimya hicho hadi ofisini, kikawa ridhaa mbele ya msimamizi anayeshika ripoti ya majaribio, ni kuitumia dini na mila kinyume cha makusudi yake.

Kuna jambo lingine linaloniuma, nalo ni la pete. Nimekutana na mabinti wanaovaa pete ya ndoa bila kuwa na ndoa, wanaivaa asubuhi wakienda kazini na kuivua jioni. Wanasema inawapunguzia usumbufu. Nawaelewa, wala siwalaumu, lakini wanaume wenzangu, tujiulize tunachokubali pete hiyo inapotufanya turudi nyuma. Tunaheshimu haki ya mwanamume tusiyemjua, ambaye pengine hata hayupo, kuliko tunavyoheshimu kauli ya mwanamke aliyesimama mbele yetu akisema hataki. Mjane na mtalaka hawana hata kinga hiyo, maana historia yao inajulikana na kila mtu ofisini, na "single maza" huambiwa kwa uso mkavu kwamba anaringia nini.

Kisha kuna utani. Hakuna utetezi ninaousikia mara nyingi kama huu: nilikuwa namtania. Nchi yetu ina utani wa jadi wenye heshima kubwa. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kuambiana msibani maneno ambayo mtu mwingine angeyasema angepigwa. Lakini utani una masharti yake, na la kwanza ni kwamba ni wa pande mbili. Mtani akikusema, nawe unamsema, kwa ukali uleule, mbele ya watu walewale, na hakuna anayenuna. Karani anayetaniwa na meneja kuhusu umbo lake hawezi kumrudishia meneja utani kuhusu umbo la meneja. Anacheka kwa sababu ana kodi ya nyumba. Kwa hiyo huo si utani wa watani.

Niingie sasa kwenye sheria, kwa sababu wengi huambiwa kwamba mambo haya ni ya maadili tu na kwamba hakuna kifungu. Vifungu vipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na kusema kwamba unyanyasaji wa mfanyakazi kwa misingi iliyoorodheshwa ni aina ya ubaguzi. Katika orodha hiyo imo jinsia, na imo pia hali ya ndoa. Maana yake, anayemsumbua mtu kwa sababu tu hajaolewa, au kwa sababu ameachika, amegusa neno lililoandikwa katika sheria. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi, na mfanyakazi akitoa ushahidi wa awali wa ubaguzi uliofanywa na mwajiri, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea.

Upande wa jinai, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, kinachomgusa anayemsumbua mwenzake kingono kwa maneno au kwa vitendo. Kinataja waziwazi mtu mwenye mamlaka anayemwendea mwenzake kingono bila kutakiwa, iwe mahali pa kazi au penginepo. Adhabu iliyowekwa ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru fidia. Faini hiyo kwa bei za leo ni ndogo mno, na ningependa Bunge liitazame, lakini kifungo kimo.

Na ule ujumbe wa mwisho wa kijana wetu, ule wa ripoti iliyo mezani, unatupeleka kwenye sheria ya tatu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Hiyo ndiyo rushwa ya ngono, na simu ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113. Sisemi kwamba mwendesha mashtaka atashinda kesi kwa ujumbe mmoja uliofungwafungwa hivyo. Nasema kwamba kijana aliyeanza kwa "umependeza" alifika kwenye malango ya sheria ya rushwa ndani ya majuma machache, na hakuna mahali alipoona kibao cha kumwonya.

Mamlaka, ndugu zangu, si cheo cha mkurugenzi peke yake. Mwezi Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulionyesha wanawake katika mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, wakishinikizwa kutoa ngono ili wapewe kazi au wasipangiwe kazi nzito, na miongoni mwa walioshinikiza walikuwamo wasimamizi wao wa kazini. Hapa kwetu yupo anayepanga zamu za usiku, yupo anayesaini karatasi ya mahudhurio, yupo anayeamua nani aende safari yenye posho. Hao wote wameshika riziki ya mwenzao kwa mkono mmoja, na wakimtongoza mtu aliye chini yao, uhuru wa kukataa tayari una kasoro hata kabla hawajafungua kinywa. Ndiyo sababu ushauri wangu kwa msimamizi aliyempenda kweli mtu anayemsimamia ni mgumu lakini ni mmoja: usiseme lolote hadi mmoja wenu ahamishwe kutoka mstari huo wa usimamizi, na wewe ndiwe uombe uhamisho.

Kwa walio sawa kwa cheo, mambo ni mepesi zaidi. Wanaume kadhaa wameniambia kwa hofu ya kweli kwamba siku hizi ukimwambia mtu amependeza utafungwa. Hapana. Mwaliko mmoja wa heshima, uliotolewa mchana, kwa lugha ambayo usingeona haya kuisema mama yako akisikia, kwa mtu ambaye kazi yake haiko mikononi mwako, si kosa. Akikubali, Mungu awabariki. Akikataa, au akitoa udhuru, mwaliko umekwisha. Kosa huanza kwenye mara ya pili na ya tatu, kwenye kumsubiri getini, kwenye kuwatuma rafiki zake, kwenye kumnunia, na kwenye kumtangazia kwamba anajidai. Kuachana nako ni vivyo hivyo: aliyekuwa mpenzi wako hadi mwezi uliopita bado ana haki ya kusema sasa basi, na zile picha alizokutumia mlipokuwa pamoja si mali ya kundi la ofisi.

Wanaodhalilishwa si wanawake peke yao. Kijana wa kiume anayesumbuliwa na mkuu wake wa kike huchekwa na wenzake, huulizwa analalamika nini, na kwa kicheko hicho mlango wa malalamiko hufungwa. Vifungu nilivyovitaja havikuandikwa kwa jinsia moja.

Nimalizie na ninyi mlioshika menejimenti, kwa sababu udhalilishaji mwingi haushindwi kuzuilika kwa kukosa sheria. Kuuzuia hushindikana siku ile mtu anapokuja kulalamika. Desturi yetu ni kuwaita wote wawili chumba kimoja na kusema tuyamalize kindugu, aliyekosa aombe msamaha, aliyekosewa asamehe, tupeane mikono. Desturi hiyo ni njema kwa majirani waliogombana. Kwa mlalamikaji aliye chini ya mlalamikiwa ni adhabu ya pili, maana anaketishwa uso kwa uso na mtu ambaye kesho atampangia kazi, na msamaha anaoutoa haukutoka kwake. Msikilizeni peke yake. Andikeni alichosema kwa maneno yake. Msimhamishe yeye kana kwamba ndiye tatizo. Anayepaswa kuondolewa kwenye nafasi ya usimamizi wakati uchunguzi unaendelea ni mlalamikiwa, bila kumhukumu. Jina la mlalamikaji lisitoke nje ya wale wanaolihitaji kwa uchunguzi.

Kenya, kwa Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2007, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa sera ya maandishi kuhusu udhalilishaji wa kingono, baada ya kushauriana na wafanyakazi, na sera hiyo lazima ieleze malalamiko yanapelekwaje na siri inatunzwaje. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwezi Juni 2019, unakwenda mbele zaidi na kuhesabu kuwa kazini pia safari za kikazi, mafunzo, sherehe za ofisi na ujumbe wa simu. Uganda na Rwanda waliuridhia mwaka 2023. Hakuna kinachotuzuia hapa kuandika sera ya namna hiyo bila kusubiri kulazimishwa, na tawi la chama lina haki ya kuidai iwemo katika mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri.

Kwa yeyote ambaye malalamiko yake yamepuuzwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, iko wazi kwake. Ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 za kufungua mgogoro, na kwa migogoro mingine siku 60, kwa hiyo usikae na jambo moyoni hadi muda upite. Tunza ujumbe, usiufute kwa hasira. Andika tarehe, saa na aliyekuwepo.

Ombi langu mahsusi kwa Mkurugenzi ni mawili, na nimefurahi kwamba yupo hapa kuyasikia. Kwanza, ripoti ya mwisho ya kipindi cha majaribio isisainiwe na msimamizi mmoja; iwe na sahihi ya pili ya mtu ambaye hamsimamii mfanyakazi huyo moja kwa moja, na mfanyakazi aonyeshwe kilichoandikwa kabla hakijawekwa kwenye jalada. Pili, wapokea malalamiko wawe wawili, mwanamke na mwanamume, wasiwe wakuu wa idara, na wachaguliwe na wafanyakazi wenyewe kwa kura ya siri. Rasimu ya utaratibu huo nimeiacha kwa Katibu wa tawi, na yeyote mwenye maoni amwone.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali, na asiyetaka kuuliza mbele ya watu nitabaki hapa hadi jioni.